Soketi Kiganjani

Duka la vipuri vya elektroniki lilifurika asubuhi ile utadhani kuna kitu kinagawiwa. Mafundi simu, mafundi redio, wanafunzi wa chuo na wale wasionunua kitu ila kuulizia bei, wote walibanana mbele ya kaunta, kila mmoja amenyoosha mkono na kila mmoja anaapa kwamba ndiye aliyetangulia. Muuzaji hakuwa na haraka na mtu. Alikuwa akihesabu vipuri vidogo kama punje za mtama, na aliyempigia kelele alimfanya aanze kuhesabu upya.

"Naomba zile soketi za pini nne, pakiti moja," ilisema sauti ya mwanamke.

"Soketi za pini nne, pakiti moja," ilisema sauti ya mwanamume palepale.

Muuzaji akaitupa pakiti juu ya kaunta. "Imebaki hiyo hiyo."

Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja, na hakuna uliokubali kuachia.

Mwanamke alikuwa mhandisi wa kampuni ndogo iliyotengeneza vifaa vya hospitali. Alivaa gauni la bluu lenye maua ya manjano, zuri kweli, ila kwenye mkono mmoja lilikuwa na kitundu kilichounguzwa na chuma cha kulehemu, na mama yake, mshonaji, alikuwa amekiziba kwa ua dogo la kitambaa. Mwanamume naye alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, kalamu mbili mfukoni na manukato yasiyo ya kubahatisha. Mhandisi yule alijiambia kwamba mtu anayenukia hivyo hajawahi kushika chuma cha moto maishani mwake. Halafu akajikuta anamtazama tena.

"Nimetangulia mimi," alimwambia.

"Umetangulia kufika au kupiga kelele?"

"Vyote viwili."

"Basi tugawane, dada yangu. Nusu kwa nusu, tusije tukapelekana mbali."

"Gawaneni huko nje," muuzaji aliwakatiza. "Mnazuia watu."

Wakagawana barazani. Soketi zenyewe zilikuwa vijidude vyeupe vya plastiki, za kupachikwa kwenye bodi ya saketi ili waya wa kifaa kingine uchomekwe hapo. Pakiti haikuja na mchoro wowote.

"Pini zake zimekaaje?" mhandisi aliuliza.

Kijana akaigeuza soketi moja juu chini ili aione vizuri miguu yake. Akatafuta karatasi mifukoni, akakosa. Mhandisi akamnyooshea kiganja. Kwa nini alifanya hivyo hata yeye hakujua, maana hakuwa mtu wa kumpa mgeni mkono ovyo. Kijana akakishika kwa adabu, akachora kistatili na nukta nne. "Huku mwanzo ni chanya. Hizi mbili za kati ni za kupitishia taarifa. Hii ya mwisho ni hasi." Kalamu ilimtekenya mpaka akauma mdomo asicheke. Chini ya nukta zile kijana akaandika tarakimu nyingi.

"Na hizo ni pini za nini?"

"Hizo ni za dharura. Ukikwama unapiga." Akafunika kalamu yake. "Kwani wewe unachorea bodi zako programu gani?"

Kwa watu wa kazi hii, swali hilo ni sawa na kumuuliza mtu anashabikia timu gani.

"Ya bure," alijibu.

"Ya bure! Mhandisi mzima? Rahisi ni ghali, hukuambiwa?"

"Niliambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yako ina mawakala wangapi wa kuitembeza?"

"Yangu ina leseni. Ofisi inalipia kila mwaka."

"Kwa hiyo wakikufukuza kazi, kesho yake unakuwa hujui kuchora?"

Kijana alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo, tena na mtu mwenye ua la kitambaa mkononi. Akacheka mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Jioni ile simu ya kijana iliita kwa mara ya kwanza.

"Halo, Bwana Leseni?"

"Nani mwenzangu? Au ni Bi Bure?"

"Ndiye. Nimekwama."

"Wapi?"

"Sijajua bado. Nimepiga kwanza, sababu nitatafuta."

Majina yakawakaa. Bi Bure na Leseni wakawa wanapigiana asubuhi, mchana na jioni, na Jumamosi walikutana kwenye mgahawa wenye meza za mbao, kila mmoja na kompyuta yake, wakagombana kwa raha zao. Leseni alimwonyesha jinsi programu yake ilivyoigeuza bodi pande zote kabla haijatengenezwa, jinsi ilivyopima njia mbili za shaba zikawa na urefu mmoja ili mawimbi yafike pamoja, na ghala lake la vipuri lililojua mpaka vile ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza. Bi Bure alimwonyesha yake ikifunguka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa na kitufe kimoja kilichong'oka. "Kazi yangu ni yangu," alisema. "Miaka kumi ijayo nitaifungua bila kumpigia mtu magoti."

"Sema na ubaya wake, laazizi."

"Imenizimikia mara mbili sijahifadhi. Nililia kama mtoto. Sema na wa yako."

Leseni akashusha sauti. "Siku moja mtandao ulikatika ofisini, programu ikashindwa kuithibitisha leseni. Idara nzima tulikunywa chai mpaka jioni."

Bi Bure alicheka hadi machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko kile alijua kwamba anampenda. Hakusema. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mama yake alikuwa ameshaanza kuuliza huyo anayempigia jioni ana nini cha kuchekesha kiasi hicho.

Mambo yakaharibikia kazini kwake. Mkurugenzi aliwaita watu wote akaanza na "kwa kifupi," neno ambalo likimtoka tu wafanyakazi hutafuta viti. Kwa kifupi chake kile kirefu alisema hivi: kuna mteja anayesambaza friji za chanjo. Anataka kengele itakayolia friji ikipata joto, maana chanjo ikiharibika bila mtu kujua, watoto wanachomwa maji matupu. Kabla ya kuanza, mkurugenzi alitaka kujua kama kampuni inunue programu ya kulipia au ibaki na ya bure. Basi aletwe mtu anayeijua hiyo ya kulipia, naye na Bi Bure wachore bodi ileile, kila mmoja kwa yake. Zitawashwa mbele ya mteja. Ambaye bodi yake itafanya kazi ndiye atakayeongoza mradi mzima.

Kuongoza mradi! Bi Bure alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu aajiriwe. Na alipoulizwa kama anamjua mtu wa programu ya kulipia, alimtaja Leseni mwenyewe, kwa mdomo wake. Ofisi ya Leseni ikakubali kumwazima.

"Tusionyeshane michoro mpaka bodi zirudi," Bi Bure alimwambia kwenye simu.

"Unaniogopa?"

"Najiogopa mimi. Nitakuonea huruma."

"Nionee tu, malkia wangu. Sitakataa."

Walichora. Kila mmoja aliiamuru programu yake ikague kazi, na zote mbili zikajibu kwamba makosa ni sifuri. Michoro ikaenda kiwandani siku moja, na bodi zikarudi siku moja na za akiba zake, za Bi Bure za kijani, za Leseni nyeusi zinazong'aa kama viatu vyake.

Siku ya kuwasha, mteja aliketi mbele, mikono kifuani. Kikombe cha maji ya moto kiliwekwa mezani, kiwe badala ya friji iliyoharibika. Mwenyeji akaanza. Bi Bure alichomeka waya wa kihisi joto kwenye soketi, akashusha pumzi, akabonyeza swichi.

Pa!

Kitu kilipasuka kidogo tu, kama punje ya bisi, na moshi mwembamba ukapanda ukinuka plastiki iliyoungua. Mteja akakohoa. Mkurugenzi alikimbilia swichi kuu akazima umeme wa chumba kizima. "Yatosha kwa leo," alisema, na mteja akaondoka akisema atarudi keshokutwa mara moja tu, asipate usumbufu mwingine.

Bi Bure aliipeleka bodi yake chini ya lenzi. Haikumchukua muda. Kwenye plastiki ya soketi, upande wa juu, palikuwa na namba moja ndogo sana iliyochongwa kuonyesha pini ya kwanza, na kwenye pini hiyo, iliyopaswa kupata chanya, shaba ya bodi ilileta hasi. Chanya ilikuwa mwisho. Soketi nzima ilikuwa kinyume. Alikitazama kiganja chake. Wino ulikuwa umeshaoshwa zamani, lakini aliziona zile nukta nne kama vile zimechorwa jana.

Chuoni aliwahi kupenda kijana aliyekuja kusimama mbele ya walimu na kuisifu kazi ya Bi Bure kuwa ni yake. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alitoka hadi kwenye korido, akamkuta Leseni anamfuata na kikombe cha maji.

"Soketi ulinichorea kinyume," alimwambia.

Leseni akasimama. Uso wake ulibadilika, na Bi Bure akayasoma mabadiliko yale alivyotaka yeye. "Kinyume? Ngoja kwanza. Siku ile niliigeuza ili nione miguu. Niliitazama kutoka chini..."

"Na sasa mradi ni wako. Hongera sana."

"Kipenzi, kama yako iko kinyume, basi na ya..."

"Usiniite kipenzi! Niache!"

Hakusubiri sentensi iishe. Angevumilia maneno mawili tu zaidi, asingelia njia nzima.

Nyumbani, cherehani ya mama yake ilikuwa inakimbia, na juu ya meza simu ilikuwa inatetemeka.

"Simu inaita mpaka inatembea," mama alisema bila kuinua uso.

"Iache, mama."

"Amekukosea nini?"

"Amenichorea kitu kinyume. Nikakiamini."

"Makusudi?"

"Sijui," Bi Bure alisema, na kutojua huko ndiko kulikomuuma kuliko moshi, kuliko mteja, kuliko hata mradi. Kama ni makusudi, basi vile vicheko vyote vya jioni vilikuwa kazi ya mtu anayetafuta kiti chake.

"Mtu wa makusudi hapigi simu kiasi hiki, mwanangu."

"Au ndiye anayepiga zaidi."

"Haya. Mimi simjui. Lakini chakula utakula."

Alikula kidogo. Simu ilipoita tena aliifunga ile namba isimfikie kabisa, akaenda kulala macho wazi.

Keshokutwa yake Bi Bure alifika kazini na gauni la kijivu lisilo na ua hata moja, akakaa nyuma karibu na mlango. Mteja alikuwa ameshaketi. Mkurugenzi akasimama.

"Kwa kifupi, bodi ya mwenyeji imeungua na ya mgeni haijaungua. Programu ya mgeni imesema makosa ni sifuri. Sioni sababu ya kupoteza muda wa mteja wetu. Mradi tumpe..."

"Samahani, mkurugenzi. Naomba niwashe yangu kwanza."

Ilikuwa sauti ya Leseni. Bi Bure akainua macho, akapata mshtuko mdogo: shati lilikuwa lilelile jeupe, lakini siku hiyo halikuwa limeiona pasi.

"Ya nini? Sifuri ni sifuri," mkurugenzi alisema.

"Na yake ilisema sifuri vilevile. Fungueni madirisha, tafadhali."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akafungua madirisha. Leseni akachomeka waya kwenye ile bodi nyeusi, akasogea nyuma kidogo kama anayewasha fataki, akabonyeza.

Pa!

Nikuambie ukweli, moshi wa bodi ya kulipia ulikuwa mwingi kuliko wa bodi ya bure. Mteja aliinuka na kiti chake. Mkurugenzi alikimbilia swichi kuu kwa mara ya pili katika wiki ile. Lakini Bi Bure alikuwa ameshafika mezani. Aliinyakua bodi ikiwa bado ya moto, akaiweka chini ya lenzi, akaitafuta ile namba moja ndogo. Hasi. Chanya mwisho. Kinyume kilekile, na shaba yenyewe ilikuwa imelazwa kiwandani siku moja na ya kwake, kabla mtu yeyote hajaona moshi wowote. Aliyechimba shimo la kumtega mwenzake hajitumbukizi humo kwanza.

Kifua kilimwachia. Alikuwa ameishikilia pumzi ile tangu juzi bila kujua, na ilipotoka ilitoka na kicheko na machozi pamoja, akajifuta kwa mkono wa gauni mbele za watu wala asijali.

"Ulikuwa unataka kuniambia hivi kule koridoni," alisema.

"Nilifika kwenye 'na ya'."

"Si ungeniandikia?"

"Niliandika. Ulikuwa umeshanifungia."

"Lakini ungenyamaza leo, mradi ungekuwa wako. Ulikuwa unakujia wenyewe."

"Ningeuchukua halafu nimpigie nani simu?" Leseni aliuliza.

Mteja akakohoa, safari hii si kwa moshi. "Na friji zangu je?"

"Nipe muda wa wewe kunywa kikombe kimoja cha kahawa, baba," Bi Bure alimwambia. "Usinywe haraka."

Alichukua bodi moja ya akiba, ya kijani. Kwa kisu chembamba akazikata njia nne za shaba mdomoni mwa soketi, akazirudishia kwa nyaya nyembamba kama nywele, chanya mahali pa hasi na hasi mahali pa chanya, na zile mbili za kati nazo zikabadilishana. Leseni alimshikia taa. Vichwa vyao vilikaribiana kiasi kwamba manukato yale yalimfikia, na Bi Bure alifurahi kuyanusa kuliko alivyofurahi siku yoyote ile.

"Hapo umeruka," Leseni alinong'ona.

"Sijaruka. Shika taa."

"Ndiyo, mkuu wa mradi."

Swichi ikabonyezwa. Hakuna kilichopasuka. Taa ndogo ikawaka kijani. Bi Bure akakitumbukiza kihisi kwenye kikombe cha maji ya moto, na kengele ikalia kwa sauti kali, mbaya, ya kukera masikio, na hakuna mtu mle chumbani aliyetaka inyamaze. Mteja akapiga makofi. Mkurugenzi akakaa chini akajipepea kwa faili.

"Kwa kifupi," alisema, na kwa mara ya kwanza kikawa kifupi kweli, "programu ipi ni bora?"

"Yake," Leseni akajibu, akimwonyesha Bi Bure.

"Yake," Bi Bure akajibu wakati huohuo.

Ilibidi waeleze. Leseni alisema kwa bodi ndogo kama hizi ya bure inatosha, na kampuni haitawekwa rehani na mtu; siku watakapopata bodi ya tabaka nyingi, yenye mawimbi ya kasi na wachoraji wengi juu ya kazi moja, hapo walipie wala wasione uchungu. Bi Bure alisema ya kulipia ingemwokolea siku nzima ya kupanga njia, na hilo si dogo. "Lakini zote mbili zilikagua kile tulichoziambia," aliongeza. "Hakuna iliyojua soketi ilishikwaje barazani." Tangu siku hiyo bodi haikwenda kiwandani kabla ya kuchapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kipuri chenyewe kikawekwa juu yake, na mtu wa pili akaja kutazama. Kazi ya kengele aliiongoza Bi Bure. Leseni alirudi ofisini kwake, ila mtu wa pili mara nyingi alikuwa yeye.

Wiki iliyofuata walirudi kwenye duka lile kununua soketi nyingine. Msongamano ulikuwa uleule na muuzaji alikuwa anahesabu upya. Bi Bure alivaa gauni lake la bluu. Walipotoka barazani Leseni akachomoa kalamu.

"Nipe mkono."

"Mchoro upo kwenye pakiti leo."

"Sichori. Nina swali."

Akampa. Wino ulimtekenya kama siku ya kwanza, na Leseni alipomaliza Bi Bure akasoma kiganjani mwake: *Nije lini kumwona mama yako?* Alikiinua kiganja akakitazama, akakigeuza akatazama na nyuma yake.

"Unafanya nini?" Leseni aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Nakagua."

"Umekuta makosa?"

Bi Bure akaichukua kalamu, akaushika mkono wa Leseni, akaandika neno moja. *Jumamosi.*

"Isome hivyo ilivyo," alimwambia. "Usiigeuze juu chini."

Jioni ile cherehani ilikuwa inakimbia simu ilipoanza kutembea mezani. Bi Bure aliidaka kabla haijafika ukingoni.

"Halo, Bi Bure. Jumamosi hii au ijayo?"

"Hii."

"Sawa, mpenzi. Nakagua tu."

Mama yake akasimamisha mashine, akakata uzi kwa meno. "Mwambie awahi," alisema. "Na lile shati lake lililokosa pasi, alete nimpigie."

"Mama! Shati lake umelijulia wapi?"

"Juzi ulinisimulia hadithi nzima ya moshi, mwanangu, na katikati yake shati umelitaja mara tatu."